Vyuma vya Meno: Namna Jino Linavyohamishwa na Wakati wa Kumpeleka Mtoto Kliniki

Watu wengi wamwonapo kijana mwenye waya juu ya meno hudhani kuwa ni pambo au anasa ya wenye fedha. Vyuma hivyo ni tiba, nayo huhusu kutafuna na kusafisha kinywa kabla ya kuhusu sura. Meno yaliyobanana hubakiza chakula mahali ambapo mswaki haufiki vizuri, na hapo kuoza na ugonjwa wa fizi hupata pa kuanzia. Meno ya juu yaliyochomoza mno, nayo, huwa rahisi kuvunjika mtoto aangukapo.

Jino halikukitwa katika taya kama msumari katika ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna nyuzinyuzi zinazolishikilia, na mfupa wenyewe ni kitu hai kinachobomolewa na kujengwa upya. Daktari hubandika kibati kidogo juu ya kila jino, kisha hupitisha waya mwembamba unaoviunganisha vibati vyote. Waya huo, katika kurudia umbo lake, hulisukuma jino polepole. Upande linakoelekea, mfupa huyeyuka. Upande linakotoka, mfupa mpya hujengwa. Kazi hiyo hailazimishwi. Jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi, na nguvu ikizidi, mzizi waweza kulika ukawa mfupi. Ndiyo sababu tiba kamili kwa kawaida huchukua miezi 18 hadi 24, pengine zaidi, na mgonjwa hurudi kliniki kila baada ya wiki 4 hadi 8. Anayeahidi kuyanyoosha meno kwa wiki mbili asisikilizwe.

Umri wa miaka 7 hivi wafaa kwa uchunguzi wa kwanza, ingawa watoto wengi hawavai vyuma mpaka meno ya kudumu yakaribie kuota yote, kati ya miaka 11 na 14. Watu wazima pia hutibiwa, iwapo fizi zao ni nzima. Si kila kasoro inayohitaji dawa: mwanya wa meno ya mbele, ambao Waswahili wameuhesabu kuwa uzuri tangu zamani, si ugonjwa, na kwa mtoto wa miaka 8 mara nyingi huziba wenyewe chonge ziotapo.

Upo upangaji mbaya wa meno unaoweza kuzuilika nyumbani. Meno ya utoto, ambayo ni 20, huyatunzia nafasi meno ya kudumu. Gego la utoto likioza na kung'olewa mapema, majirani zake huegemea pengo, na jino linalokuja hukosa pa kupita. Mtoto anayeendelea kunyonya kidole baada ya miaka 4 au 5 huyasukuma meno ya juu yatoke nje.

Baya kuliko hayo ni desturi ya kuwang'oa watoto wachanga kile kiitwacho "meno ya plastiki". Mtoto ashikwapo na homa au kuhara, huonwa uvimbe mweupe kwenye ufizi, ikaaminiwa kuwa ndio chanzo cha maradhi, ukachokolewa kwa kisu au chuma kisicho safi. Uvimbe huo ni chonge ya utoto ambayo haijaota. Mtoto huweza kutokwa damu nyingi, kupata maambukizi, hata kufa, huku malaria au kuhara kwenyewe kukiwa hakujatibiwa. Anayepona huweza kubaki na chonge ya kudumu iliyoharibika au isiyoota kabisa, kwa kuwa chembe yake hukua jirani na pale palipochokolewa. Hakuna waya unaoweza kulihamisha jino ambalo halipo.

Aliyevaa vyuma hupiga mswaki laini wenye dawa ya floraidi kila baada ya kula, juu na chini ya waya. Uchafu ukiachwa pembeni mwa vibati, huacha madoa meupe ambayo ndiyo mwanzo wa kuoza, na huonekana wazi vyuma viondolewapo. Maumivu ya siku 3 hadi 5 baada ya waya kurekebishwa ni ya kawaida. Uji, ubwabwa na ndizi za kupondwa hufaa. Miwa, mahindi ya kuchoma yanayong'atwa katika gunzi, mifupa na barafu hubandua vibati. Waya ukichoma shavu, ufunikwe kwa nta itolewayo na kliniki. Usikatwe kwa koleo nyumbani.

Vyuma vikishatolewa, mgonjwa hupewa kifaa cha kuyashikilia meno mahali papya, kwani nyuzinyuzi zile huyavuta yarudi yalikotoka. Wengi hukivaa usiku kwa miaka.

Mzazi mwenye shaka aanze katika kliniki ya kinywa na meno ya kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ikibidi, huko ataandikiwa rufaa kwa daktari bingwa wa kupanga meno. Kabla ya kukubali, aulize gharama ya tiba yote pamoja na marudio, kisha ajumlishe nauli ya safari zaidi ya 10. Vyuma vilivyoachwa kinywani bila kuangaliwa, kwa sababu fedha zimekwisha njiani, huweza kuyaozesha meno yaliyokuwa yamepinda tu.