Mirathi Isilale Kabatini: Wakili, Amana na Haki ya Warithi



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu zangu wanafunzi, darasani tunasoma mafungu ya mirathi na kuyapigia hesabu. Leo tutazame jambo linalotangulia hesabu: mali yenyewe imfikie mrithi, tena kwa wakati.

Kwetu ni Nchelenge, Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Baba yangu mdogo alifariki akaacha mjane, mama yake mzazi, watoto watatu, nyumba Kashikishi, mashua mbili, nyavu, na madeni ya wanunuzi wa chisense, vile vidagaa vya ziwani. Familia ikampa kazi wakili wa mji mwingine na kumlipa malipo ya mwanzo. Miezi minane ikapita, jibu likiwa lile lile: "Linashughulikiwa." Ziwani uvuvi hufungwa tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo msimu ukikupita umepita. Mashua iliyokaa juani ilipasuka mbao, na ada za shule zikawa za kukopa.

Je, sharia inasemaje?

Kwanza: kuchelewesha ni kuzuia haki

Mali ya marehemu ina haki nne kwa mpangilio: gharama za maziko, madeni, wosia usiozidi theluthi, kisha mirathi. Haki ya pili haingoji. Katika hadithi ya Abu Hurayra aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa nafsi ya muumini hubaki imefungamana na deni lake mpaka lilipwe. Basi faili likilala, wanaoumia si walio hai tu. Na Suratun-Nisaa, aya ya 10, imetoa onyo kali juu ya kula mali ya yatima kwa dhulma. Mashua ya yatima ikiozea ufukweni kwa uzembe wa wakubwa, tusijidanganye kwamba hakuna kilichopotea.

Pili: wakili ni mwakilishi

Neno lenyewe latoka kwenye wakala. Katika fiqhi, wakili ni mwaminifu wa mali na shughuli aliyokabidhiwa. Hadhamini hasara isiyotokana naye, lakini akizembea au kuvuka mipaka huwajibika. Asili ya wakala ni kwamba aliyemweka anaweza kumwondoa, baada ya kumlipa kazi aliyokwisha kuifanya. Amri ya kurudisha amana kwa wenyewe, katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, inamhusu yeye na inamhusu pia msimamizi wa mirathi. Kumkabidhi wakili faili hakumwondolei msimamizi mzigo wake.

Tatu: ijue sheria ya nchi

Zambia haina mahakama ya Kadhi kama Zanzibar au Kenya. Asiyeacha wosia, mali yake hugawanywa kwa sheria ya mwaka 1989: asilimia 20 kwa mjane, 50 kwa watoto, 20 kwa wazazi na 10 kwa wategemezi wengine. Ardhi ya kimila haimo.

Tuchukue mfano wa kwacha 48,000 zilizobaki baada ya madeni, na warithi ni mke, mama, wana wawili na binti mmoja. Kwa faraidhi, mke ana thumni, 6,000; mama sudusi, 8,000; zinabaki 34,000, kila mwana 13,600 na binti 6,800. Kwa sheria ya nchi, mke 9,600, mama 9,600, wategemezi 4,800, na watoto 24,000 kwa pamoja, wakigawiwa kwa kuangalia umri na mahitaji ya masomo.

Warithi wakubwa wanaweza kukaa chini na kurudishiana ziada kwa hiari, mbele ya shekhe anayejua faraidhi. Ila fungu la mtoto mdogo hakuna wa kulisamehe kwa niaba yake.

Nne: la kufanya faili linapokwama

1. Anza kwa dhana njema. Pengine inakosekana hati ya kifo tu. Uliza: limekwama wapi, na kwa nani?
2. Uliza kwa maandishi, utaje tarehe ya kutaka jibu. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imetufundisha kuandika deni. Na ahadi ya wakili nayo iandikwe.
3. Omba namba ya shauri, uende mwenyewe kwa karani wa mahakama. Mjane wetu alifanya hivyo, akakuta ombi halijafikishwa kabisa. Familia ilichukua faili lake, ikaliwasilisha upya, na usimamizi ukatoka.
4. Ikishindikana, malalamiko hupelekwa LAZ, chama cha mawakili cha Zambia. Asiye na uwezo ana Bodi ya Msaada wa Kisheria. Mirathi ndogo huweza kumalizwa katika mahakama ya chini ya mtaani, bila wakili.
5. Msiuze kitu kabla msimamizi hajapata hati, ila kitunzeni. Mashua na ifunikwe, na nyavu zianikwe.

Tano: dawa ni wosia

Katika hadithi ya Ibn Umar iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Muislamu mwenye cha kuusia hapaswi kulala siku mbili bila wosia wake kuandikwa. Zambia inautambua wosia ulioandikwa na kutiwa saini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja, wasiwe warithi. Ndani yake mzazi anaweza kuagiza mali igawanywe kwa faraidhi, ingawa mahakama ina uwezo wa kuurekebisha iwapo mtegemezi ameachwa bila cha kumtosha.

Ndugu msomaji, likizo ijayo waulize wazazi, kwa adabu, kama wosia umeandikwa na nani anadaiwa nini. Maswali hayo ni mazito kwa mtoto kumuuliza mzazi, lakini mjane kuyabeba peke yake ni kuzito zaidi.

Allah awarehemu waliotutangulia, awalipie madeni yao, na atujaalie tuwe waaminifu wa tulichokabidhiwa. Amin.