Kijana Wetu Anataka Kuendesha Lori: Tukae Kwanza Tuhesabu

SOMO LA FAMILIA
Maandiko ya kusoma nyumbani: Luka 14:28-30, Mithali 15:22, Matendo 18:1-4



Kila mtu wa kambi ya Kinama, pale Gasorwe, aliyewahi kwenda Muyinga mjini ameyaona malori yanayotoka mpaka wa Kobero. Yamebeba saruji, mbolea, chumvi, mafuta. Vijana wetu husimama kando ya barabara wakiyatazama mpaka yapotee. Tusiwacheke. Kijana asiye na shamba wala duka akimwona dereva ameketi juu, anajiona na yeye siku moja.

Hivi karibuni wazazi watatu wamewaendea wazee wa kanisa na swali moja: "Mwanangu anataka kujifunza kuendesha lori. Tuuze mbuzi tumlipie, au tumkataze?" Swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Kwa hiyo tumeliandikia somo.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mtu aliyetaka kujenga mnara. Mwenye busara huketi na kuhesabu kabla ya kuchimba msingi. Yesu alikuwa akifundisha jambo kubwa kuliko kazi ya mikono, lakini hekima hiyo inafaa hata hapa. Basi tuketi, tuhesabu mambo manne.

1. KAZI YENYEWE

Kwanza, kazi ipo. Burundi haina bahari, wala mpaka sasa haina reli. Mwaka 2025 mkataba ulitiwa sahihi wa kujenga reli kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, lakini reli hujengwa kwa miaka. Leo mizigo mingi inatoka bandari ya Dar es Salaam kwa barabara: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Lusahunga, hadi Kabanga na Kobero. Kutoka Dar hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 1,500. Kutoka Kobero malori mengine yanapita Muyinga na Karuzi kwenda Gitega, na mengine yanapita Ngozi na Kayanza kwenda Bujumbura. Kahawa na chai ya Burundi nayo husafiri kwenda nje.

Lakini kazi hii ina upande ambao kijana aliyesimama barabarani haoni. Tanzania magari hupita kushoto. Burundi hupita kulia. Dereva akivuka Kobero anabadili upande, na akili yake lazima ibadilike pamoja naye. Lori lenye usukani wa kulia likiingia huku, dereva anajikuta ameketi upande wa majani. Akitaka kulipita gari la mbele haoni vizuri kinachokuja, hata amtegemee utingo, au konvoyeri kama tunavyosema, amwambie njia ni nyeupe.

Tena yako mapumziko yasiyo mapumziko. Lori husimama siku kadhaa mpakani kwa sababu karatasi moja ya forodha haijafika. Husimama kwenye mizani, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo kwa sheria ya mwaka 2016: lori na mzigo wake lisizidi tani 56, na kila ekseli ina kipimo chake. Katika miaka hii ya 2020 Burundi imekosa mafuta mara nyingi, na dereva anayelipwa kwa safari hukaa bila kitu. Anayehesabu mshahara wa mwezi mzuri tu, hajahesabu.

2. KARATASI

Hapa sisi wakimbizi tuwe waangalifu kuliko wengine. Perimi ya gari dogo haitoshi kwa lori. Kuna daraja lake. Kabla ya kulipa shule yoyote ya udereva, mzazi aulize mambo matatu. La kwanza: kijana huyu, kwa kitambulisho alicho nacho cha ukimbizi, ataruhusiwa kufanya mtihani na kupewa perimi hiyo? La pili: akiipata, nani atamwajiri, na kwa barabara zipi? La tatu: atavukaje mpaka?

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Hilo halikugeuza kadi ya ukimbizi kuwa pasipoti. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 28, unataja hati ya kusafiria ya mkimbizi. Nendeni ONPRA mkaulize jinsi inavyoombwa. Msiulize kwa wapiga debe wa stendi.

Jambo jingine linaumiza kulisema. Yako malori yanayotoka Bujumbura kwenda Uvira. Kijana aliyekimbia Kongo akienda na kurudi huko kwa kazi, anaweza kuulizwa juu ya ukimbizi wake. Asikubali safari hiyo kabla hajapata shauri. Mithali 15:22 inatukumbusha kwamba mipango huanguka pasipo washauri.

3. KIJANA MWENYEWE

Mimi ninayeandika nilikuwa utingo kwa miaka minne kabla sijawa mwalimu wa Shule ya Jumapili. Niruhusuni nitoe ushuhuda.

Usiku mmoja tulikuwa tukishuka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura. Mnaijua ile barabara: inateremka kona kwa kona kutoka kwenye baridi mpaka kwenye joto la ziwa, na wanaopanda kwa baiskeli hushika nyuma ya malori ili yawavute. Dereva wangu alikuwa na haraka. Hakuweka gia ya chini tangu juu, akawa anakanyaga breki tu. Breki za lori zikipata moto sana hazishiki tena. Nilisikia harufu yake kabla yeye hajasema neno. Mungu alitupa mahali pa kuegemeza lori kwenye ukingo wa mlima, likakwaruza mpaka likasimama. Mbele yetu kwenye kona walikuwapo watu wa baiskeli.

Dereva yule alijua kuendesha. Alichokosa ni subira. Tangu usiku ule, mzazi akiniuliza kama mwanawe anafaa, siulizi kama ana nguvu. Ninauliza hivi:

- Anaweza kungoja bila hasira? Siku tatu mpakani humfunua mtu.
- Akipewa hela za wengine, zinarudi zote? Dereva hukabidhiwa mafuta na mzigo wa mtu mwingine, mahali ambapo hakuna anayemwona. Wanaonunua mafuta ya kunyonywa kwenye tenki wako kila kituo.
- Anakunywa pombe? Kama leo anakunywa akiwa karibu na mama yake, kule mbali itakuwaje?
- Anaweza kusema "nimechoka" na kuegesha, hata bosi akipiga simu?
- Macho yake yamepimwa?

Hilo la macho lilinigusa mwenyewe. Usiku taa za magari ya mbele zilinipofusha kabisa. Nilificha kwa muda mrefu kwa sababu ndoto yangu ilikuwa usukani. Siku nilipomwambia dereva ukweli, nililia. Lakini nilikuwa hai, na sikuwa nimemuua mtoto wa mtu. Si kila ndoto tunayoiacha ni kushindwa.

4. NYUMBA YAKE

Dereva wa safari ndefu haoni kwake wiki nyingi. Kama ameoa, mke wake atakuwa baba na mama. Katika vituo vya barabarani upweke hutafuta mwenzake, na ugonjwa wa ukimwi uliingia katika nyumba nyingi kwa njia hiyo. Tuyaseme wazi kabla kijana hajaondoka, wala tusingoje arudi mgonjwa. Na mke aulizwe naye, kwa kuwa gharama hii wanailipa wawili.

Lakini tusiseme kwamba barabara haina watu wa Mungu. Paulo alishona mahema kule Korintho, na kazi hiyo haikumzuia kuhubiri. Nimewajua madereva waliosali kabla ya kuwasha injini, waliotuma hela nyumbani kila safari, waliowalipia wadogo zao shule. Kazi ni halali. Na binti mwenye moyo huo asifukuzwe kwenye somo hili. Apimwe kwa maswali hayohayo.

TUANZIE WAPI?

Msianze kwa kuuza mbuzi. Haba na haba hujaza kibaba. Kijana aanze gereji, Muyinga au Gitega, ajifunze kubadili tairi, kupima oili, kusikia injini ikilia vibaya. Kisha, karatasi zikiruhusu, awe utingo wa safari za ndani, Muyinga hadi Gitega na kurudi, walau miezi sita. Apakie, afunge turubai kwenye mvua, alale chini ya trela. Akirudi bado anaitaka kazi, na dereva wake akashuhudia kwamba ni mwaminifu, hapo familia iketi tena juu ya hela za perimi.

Na akirudi akasema, "Baba, siyo yangu," msimzomee. Hajapoteza kitu. Aliyejifunza gereji ana kazi mkononi hata asipoketi kwenye usukani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Tukiuza kitu hiki ili kulipia perimi, tutakula nini mpaka apate kazi?
2. Kijana, taja siku moja ulipongoja jambo kwa muda mrefu. Ulifanya nini?
3. Wazazi, je, sisi ndio tunaoitaka kazi hii kwa ajili ya hela, au ni yeye?
4. Nani kanisani amewahi kuifanya kazi hii, tumwite atueleze?
5. Kama jibu ni "siyo sasa", tutamsaidia kuanza kazi gani wiki hii?

TUOMBE

Tuwaombee madereva walioko barabarani usiku huu, na wake zao na watoto wao. Tuwaombee vijana wetu macho ya kuona mbali, na sisi wazazi moyo wa kusikiliza kabla ya kujibu. Amina.