Kijana na Mkopo wa Benki: Asiye na Hatimiliki Abebe Nini?

Vijana wengi wa Kericho na Bomet wanaoomba mkopo benki hujibiwa kwa maneno machache: wamlete mzazi. Mara nyingine hiyo ni dharau tu. Lakini mara nyingi afisa wa mikopo hana karatasi yoyote inayomwonyesha uwezo wa kijana aliye mbele yake.

Chanzo kinajulikana. Shamba la chai lina hatimiliki yenye jina la baba, au hata la babu aliyekwisha kufariki. Nambari ya mkulima kiwandani pia ni ya mzee, na malipo ya kila mwezi na bonasi huingia katika akaunti yake. Kijana huenda amechuma majani hayo miaka mitano, ilhali katika rekodi hana hata kilo moja.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, umri ukiwemo. Hilo halilazimishi benki kumkopesha kila mtu. Benki ina haki ya kuuliza mkopo utalipwaje. Isichopaswa kufanya ni kumfukuza mtu mzima bila kuangalia maombi yake, kwa sababu tu ana miaka 22.

Pia, dhamana si ardhi peke yake. Sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika inaruhusu ng'ombe, mashine, pikipiki, mazao na hata malipo ambayo mtu anadai kuwekwa dhamana na kusajiliwa. Kijana anayepeleka maziwa kwa chama cha ushirika anaweza kuuliza kama benki itakubali malipo hayo.

Karatasi zinazozungumza

Kabla ya kwenda benki, kijana aandae:

1. Kitambulisho, PIN ya KRA na kibali cha biashara, ikiwa kazi yake inakihitaji.
2. Taarifa za M-Pesa na akaunti za miezi 6 hadi 12. Mauzo yote yapitie humo, kwa maana pesa za mfukoni hazionekani.
3. Daftari la mauzo na gharama, pamoja na stakabadhi.
4. Ripoti yake ya mikopo. Kila mkopaji ana haki ya kuipata bila malipo mara moja kwa mwaka. Deni dogo la simu lililosahaulika laweza kumharibia jina.

Hesabu ya mfano

Kijana wa Konoin anauza lita 20 za maziwa kwa siku, kwa shilingi 45 kila lita. Kwa siku 30 anapata shilingi 27,000. Akitoa shilingi 14,000 za chakula cha mifugo, dawa na kibarua, anabaki na 13,000.

Anataka mkopo wa shilingi 120,000. Tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Akilipa kwa miezi 12, kila mwezi atatoa karibu 10,900 na kubaki na 2,100. Ng'ombe mmoja akiugua, ameshindwa. Akilipa kwa miezi 18, atatoa karibu 7,550 kwa mwezi na kubaki na 5,450. Jumla ya riba itapanda kwa takriban shilingi 5,000, lakini atakuwa na nafasi ya kupumua.

Aulize pia riba inahesabiwa vipi. Asilimia 16 hiyo hiyo ikitozwa juu ya mkopo wote, malipo ya miezi 12 hupanda hadi shilingi 11,600 kwa mwezi.

Kijana anayefika na hesabu hii hawezi kupuuzwa kwa urahisi.

Shamba la familia

Mzee akikubali kuweka shamba dhamana, lazima mwenye jina katika hatimiliki atie sahihi na mwenzi wake wa ndoa aridhie. Ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya ardhi. Ikiwa mwenye jina amefariki, urithi ukamilishwe kwanza. Familia nzima ielewe kuwa mkopo usipolipwa, shamba linaweza kuuzwa.

Njia nyepesi ni familia kumpa kijana sehemu ya miti ya chai, naye aulize kiwandani masharti ya kusajiliwa kwa nambari yake mwenyewe. Rekodi yake itaanzia hapo.

Benki ikikataa

Aombe sababu kwa maandishi, kisha arekebishe kilichopungua. Akiona amebaguliwa, alalamike kwanza kwa benki yenyewe, halafu kwa Benki Kuu ya Kenya.

Zipo pia ngazi za kuanzia. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, akiwa na wadhamini. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vilivyosajiliwa bila riba, ila kuna ada ya usimamizi. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilianza na mikopo ya kibinafsi ya shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka.

Haba na haba hujaza kibaba. Mkopo mdogo uliolipwa kwa wakati huingia katika rekodi ya kijana, na rekodi hiyo ndiyo atakayoibeba atakaporudi benki.