Kuonja divai ya Barolo: Ulimi hujua nini?

KUONJA divai si kunywa divai. Anayekunywa hutafuta starehe, ilhali mwonjaji hutafuta habari: divai hii imetoka wapi, imetunzwaje na je, yastahili bei yake? Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa afya. Leo tutaieleza kwa kutumia Barolo, divai nyekundu ya Italia yenye sifa kubwa na bei kubwa vilevile.

Barolo hutoka jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, katika vilima vya karibu na mji wa Alba. Hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Nebbiolo. Sheria yataka ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mapipa ya mbao. Ile iitwayo Riserva hungoja miezi 62.

Anza kwa macho. Mimina kiasi kidogo, inamisha gilasi juu ya karatasi nyeupe na utazame. Wengi hushangaa kuona rangi hafifu, wakadhani imetiwa maji. La! Nebbiolo ndivyo ilivyo, na kadiri miaka inavyopita, ukingo wake hugeuka kuwa kama rangi ya tofali. Ukiuziwa "Barolo" nyeusi tititi, uliza maswali.

Kisha pua. Zungusha gilasi taratibu, unuse. Waonjaji husema Barolo nzuri hunukia waridi na lami. Naam, lami ya barabarani, na hiyo ni sifa! Iliyozeeka huwa na harufu ya uyoga na ngozi. Ukisikia harufu ya boksi lililoloa, kizibo kimeiharibu. Haitakudhuru kwa hilo, lakini haina thamani tena. Harufu ya siki nayo ni dalili kwamba imechacha.

Sasa kinywa. Vijiko viwili vya chai vyatosha. Izungushe mdomoni, nawe utapata ukakasi mkali kama wa ndizi mbichi. Huo ni tanini, inayotoka katika maganda na mbegu za zabibu. Hushikana na protini za mate, na ndiyo maana ulimi hukauka. Papo hapo uchachu wake huyaita mate upya. Katika Barolo bora, ukakasi, uchachu na ladha ya matunda huenda sambamba, pasiwe na kimoja kinachowameza wenzake, na ladha hubaki kinywani muda mrefu. Ikiwa changa, ukakasi hutawala. Ndiyo maana wenyewe huinywa pamoja na nyama iliyopikwa polepole.

Halafu utafanya nini? Tema. Waonjaji wa kazi hutema ndani ya chombo, na si utovu wa adabu. Barolo haina kilevi chini ya asilimia 13, na nyingi hufika 14. Chupa moja ya mililita 750 yenye asilimia 14 ina takriban gramu 83 za kilevi halisi. Anayeonja divai 30 na kumeza vijiko vitatu vya chai vya kila moja, amekunywa zaidi ya nusu chupa bila kujua. Hata anayetema hufyonza kiasi fulani, basi asiendeshe gari.

Je, divai nyekundu haisaidii moyo? Dhana hiyo ilienea sana baada ya kipindi cha televisheni cha Marekani mwaka 1991. Lakini vinywaji vyenye kilevi viliwekwa katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango kisicho na hatari. Bei ya chupa haibadilishi hilo.

Kuna jambo jingine ambalo ulimi hauwezi kabisa. Mwaka 1986, huko huko Italia, watu zaidi ya 20 walikufa baada ya kunywa divai za bei ya chini zilizotiwa methanoli ili kuongeza ukali. Hapa kwetu twakumbuka vifo vya Nairobi vya mwaka 2000, vilivyosababishwa na sumu hiyo hiyo. Methanoli hukaribiana mno na kilevi cha kawaida kwa harufu na ladha. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva za macho, na dalili huweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, kuona ukungu. Mgonjwa akimbizwe hospitali mara moja, asingojee mpaka asubuhi.

Wajawazito wasionje hata kidogo. Wenye pumu wakumbuke kwamba salfa inayohifadhi divai huweza kuwabana kifua, na anayetumia dawa amwulize mfamasia kwanza. Baada ya kuonja, sukutua kwa maji na usipige mswaki kwa muda wa saa moja hivi, kwani uchachu hulainisha meno kwa juu na mswaki utayakwangua.