Ulinzi wa Harufu: Kufundisha Jinsi Nyuki Wasiouma Wanavyohami Kiota Chao

Utangulizi

Katika shule nyingi za msingi somo la wadudu huishia ubaoni. Mwalimu huchora kichwa, kifua na tumbo, wanafunzi hunakili, na kipindi hufungwa. Lakini mtoto wa Karagwe au Kyerwa huja darasani akiwa na maarifa yake. Amekwisha kuwaona nyuki wadogo weusi wakiingia na kutoka katika tundu la mti, ufa wa ukuta wa udongo au kichuguu. Amesikia kwamba nyuki hao hawaumi, na kwamba asali yao hutumiwa kama dawa ya kifua. Somo linaloyapuuza maarifa hayo hupoteza nusu ya nguvu zake.

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mtarajiwa jinsi ya kufundisha jambo moja katika maisha ya nyuki hao, yaani matumizi ya harufu katika kulinda kiota. Tumelichagua kwa sababu linasahihisha kosa linaloenea sana, kwamba mdudu asiye na mwiba hana silaha. Tena laweza kufundishwa bila vyombo vya maabara, maana chombo chake kikuu ni pua ya mtoto.

Mambo ya kujua kabla ya kufundisha

Nyuki wasiouma ni jamii kubwa. Duniani ziko aina zaidi ya 500, na zote huishi katika nchi za joto. Katika Afrika Mashariki wako walio wadogo sana, wasiozidi milimita 4, na wako wanaokaribia ukubwa wa nyuki wa kawaida. Mwiba wanao, lakini umedumaa na haufai kudungia. Asali huiweka katika vyungu vidogo vilivyofinyangwa kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti. Mlangoni aina nyingi hujenga mrija mfupi wa mchanganyiko huohuo.

Kiota cha namna hii ni ghala. Mna asali, chavua na majana, na kila kimoja kina adui wake: sisimizi, siafu, mbawakavu, nyuki wezi, nyegere, na binadamu. Ndani ya tundu lenye giza macho hayafai kitu. Harufu hufanya kazi ambayo macho hayawezi. Kemikali ambayo mnyama huitoa mwilini ili kuwapa ishara wenzake wa aina yake huitwa feromoni, jina lililobuniwa na wanasayansi mwaka 1959.

Mwalimu atofautishe mambo matatu, kwa kuwa vitabu vingi huyachanganya.

(a) Harufu ya hatari. Hapa tuanze na nyuki wanaouma, kwa kuwa mfano wao uko jikoni kwa kila mwanafunzi wa Kagera. Mwaka 1962 watafiti walitambua kwamba nyuki wa asali anapodunga hutoa kemikali yenye harufu ya ndizi mbivu. Kemikali hiyo imo pia katika ndizi zenyewe. Mwiba ukibaki katika ngozi huendelea kutoa harufu hiyo, na ndiyo sababu mtu aliyedungwa mara moja hudungwa tena na tena palepale. Mtoto aliyewahi kusimama karibu na ndizi zilizovundikwa kwa ajili ya rubisi anaijua harufu tunayoisema.

Nyuki wasiouma hawana ishara ya mwibani. Kwa aina nyingi zilizochunguzwa, harufu ya hatari hutoka katika tezi zilizo kichwani, kwenye mizizi ya mataya. Mlinzi anapomng'ata adui, tezi hizo humwaga kemikali nyepesi. Kemikali hugeuka mvuke, husambaa, na walinzi wengine hutoka. Humwingia adui katika nywele, masikio na macho, na kung'ata bila kuachia. Si aina zote zinazopigana hivyo, kwani nyingine hujificha ndani. Ziko pia aina za Amerika ambazo tezi zao hutoa asidi ya fomiki, na ngozi ya mtu aliyeng'atwa huvimba malengelenge kama aliyeungua.

(b) Harufu ya nyumbani. Mwili wa kila nyuki umefunikwa kwa tabaka jembamba la mafuta mazito yanayofanana na nta. Mchanganyiko wa mafuta hayo hutofautiana kati ya kiota na kiota, kwa sehemu kutokana na urithi na kwa sehemu kutokana na nta na utomvu wa kiota chenyewe. Mlinzi humgusa anayeingia kwa vipapasio. Akiitambua harufu ya nyumbani humpisha, asipoitambua humzuia.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Harufu ya hatari ni nyepesi: hufika upesi na hutoweka upesi. Ingedumu siku nzima, kundi lingekaa vitani siku nzima na kazi zingelala. Harufu ya nyumbani ni nzito: haiendi mbali, lakini hubaki mwilini, kwa kuwa kitambulisho kinachofutika si kitambulisho. Mwanafunzi akielewa kwamba uzito wa kemikali unalingana na kazi yake, amejifunza zaidi ya habari za nyuki.

(c) Utomvu. Huu si ishara kwa wenzake, ni silaha. Nyuki hukusanya utomvu unaonata na kuupaka mlangoni, na harufu na unato wake huwazuia sisimizi. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walieleza jinsi nyuki wasiouma wa nchi ile walivyomtendea mbawakavu wa mizinga, ambaye asili yake ni Afrika kusini ya Sahara. Walimpaka utomvu, nta na matope akiwa hai, na kwa muda wa dakika kumi hivi alikuwa amekwama kabisa asiweze kusogea.

Mwizi anayetumia harufu

Ulinzi wa harufu unaweza kuvunjwa kwa harufu. Katika Amerika ya Kati na ya Kusini wako nyuki wasiouma ambao hawaendi mauani. Huishi kwa kupora viota vya wengine. Vichwa vyao hutoa kemikali iitwayo sitrali, ambayo ndiyo inayoyapa majani ya mchaichai na ganda la limau harufu yake. Mwaka 1970 wanasayansi walieleza kwamba wezi hao huijaza sitrali kiotani mpaka mawasiliano ya wenyeji yanavurugika.

Hata hivyo silaha hiyo ina makali kuwili. Aina moja ndogo inayoporwa mara kwa mara imejifunza, kwa vizazi vingi, kuichukua harufu ya sitrali kuwa onyo. Walinzi wake wakiinusa hutoka kwa wingi na kumkabili mwizi angali hewani. Mwaka 2012 ilibainika kwamba walinzi wa aina hiyo si vibarua wa kawaida. Wana uzito unaowazidi wenzao kwa asilimia 30 hivi. Afrika nayo ina nyuki wezi, lakini mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba watanusa limau katika viota vya Kyerwa. Mfano wa mbali utajwe kuwa wa mbali.

Mpango wa somo

Somo hili linafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, na huhitaji vipindi viwili. Zana ni vipande vya kitambaa, vitunguu, tangawizi, kahawa iliyokaangwa, majani ya mchaichai, limau na kipande cha nta.

Hatua ya kwanza: maarifa ya wanafunzi. Waulize wanawaitaje nyuki hawa nyumbani kwao, wamewaona wapi, na wazee wanasema nini juu yao. Majina ya Kinyambo yaandikwe ubaoni kando ya jina la Kiswahili. Mara nyingi wazee hutofautisha aina kwa mahali zinapokaa na kwa ladha ya asali, na utofautishaji huo ni sayansi.

Hatua ya pili: nyepesi na nzito. Menya limau mbele ya darasa. Kila mwanafunzi anyoshe mkono harufu inapomfikia, na mmoja ahesabu. Kisha pitisha nta, kila mmoja ainuse kwa karibu. Uliza: ipi ingefaa kuitia watu waje upesi? Ipi ingefaa kuwa alama ya ukoo? Wanafunzi wajibu kabla mwalimu hajasema neno feromoni.

Hatua ya tatu: mchezo wa mlinzi. Gawa darasa katika viota vitatu: vitunguu, tangawizi na kahawa. Kila mwanafunzi ashike kitambaa chenye harufu ya kiota chake. Mlinzi afumbe macho, anuse kitambaa cha anayekuja, aseme apite au arudi. Baada ya dakika chache, ponda mchaichai mwingi na uupake kwenye vitambaa vyote. Mlinzi sasa hukosea. Hapo eleza habari za nyuki wezi. Zitaeleweka kwa sababu zimekwisha kutendeka darasani.

Hatua ya nne: kutazama kiota. Wanafunzi wakae hatua kadhaa kutoka mlangoni, pembeni ya njia ya kurukia, kwa makundi madogo. Wahesabu walinzi, watazame umbo la mrija, na waangalie sisimizi wanafanya nini wafikapo kwenye utomvu. Matokeo yaandikwe katika jedwali, pamoja na saa na hali ya hewa.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni ya usalama. Kabla ya kuwapeleka watoto, mwalimu ahakikishe kwa macho yake, pamoja na mwenyeji anayejua, kwamba kiota ni cha nyuki wasiouma. Mtoto aliyefundishwa kwamba "nyuki wadogo hawaumi" anaweza kuusogelea mzinga wa nyuki wanaouma. Asiende mtu karibu na mzinga huo akiwa na ndizi mbivu mkononi. Wala kiota chochote kisichokorwe kwa kijiti ili kuonyesha ulinzi.

Ya pili ni ya lugha. Wanachuo hupenda kusema, "Nyuki anawaambia wenzake: njoni, tumevamiwa!" Usemi huu huchangamsha darasa, lakini usiachwe bila maelezo. Nyuki hasemi wala hapangi shauri. Kemikali hugusa vipapasio, na mwili huitikia. Mwalimu atumie usemi huo kama mlango wa kuingilia, kisha awaongoze wanafunzi ndani.

Umuhimu wa somo

Ulinzi tuliouelezea unamtosha sisimizi, mbawakavu na nyuki mwizi. Haumtoshi mtu mwenye shoka na moto. Arinaye asali kwa kuangusha mti hupata asali ya siku moja, akaua malkia na majana, akaondoa na tundu ambalo kundi jingine lingelikalia. Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizoanzishwa mwaka 2019, zinalinda sehemu ya misitu ya wilaya hizi. Miti iliyobaki kandokando ya mashamba inalindwa na uamuzi wa wenye mashamba tu.

Na wenye mashamba wana sababu. Kahawa aina ya robusta haizai kwa chavua ya mti wenyewe; huhitaji chavua ya mti mwingine, inayoletwa na upepo na wadudu, nyuki wakiwamo. Tena nyuki wasiouma wanaweza kufugwa: kiota huhamishiwa katika sanduku dogo, asali ikavunwa vyunguni bila kuua kundi. Wanafunzi wa leo ndio watakaoshika mashoka hayo kesho. Mtoto aliyewahi kuwa mlinzi katika mchezo ule, akakitazama kiota kwa saa nzima, hatakiona tena kuwa tundu lenye asali tu.

Maswali kwa wanachuo

1. Eleza kwa nini harufu ya hatari isingefaa kuwa nzito, wala harufu ya nyumbani isingefaa kuwa nyepesi.
2. Tunga mchezo mwingine wa darasani utakaoonyesha kazi ya utomvu mlangoni.
3. Mwanafunzi anasema, "Nyuki hawa ni wanyonge kwa sababu hawana mwiba." Andika maswali matatu utakayomwuliza ili ajisahihishe mwenyewe.
4. Kusanya kwa wazee wawili wa kijiji majina ya nyuki wasiouma, na ueleze utakavyoyatumia katika hatua ya kwanza ya somo.