SOMO LA MWEZI: SAUTI ILIYO WAZI KATIKA IBADA
Namna ya kupanga mikisa ya dijitali kwa bendi ya kanisa

Masomo: Nehemia 8:1–8, 2 Nyakati 5:11–14, 1 Wakorintho 14:6–12



Tukisoma Nehemia tunaona kwamba Ezra alitengenezewa mahali pa juu pa kusimama, na Walawi wakaisoma torati kwa namna ambayo kila msikiaji aliielewa. Katika Nyakati, wapiga tarumbeta na waimbaji walisikika kama mtu mmoja. Naye Mtume Paulo anawaonya Wakorintho kwamba ala yenye sauti zisizopambanuka haimfundishi mtu neno. Basi kusikika vizuri ni sehemu ya ibada tangu zamani.

Siku hizi, kuanzia Dongobesh hadi Katesh, si ajabu kukuta kanisa lenye magitaa, kinanda, dramu na spika kubwa. Vyombo hivyo vimenunuliwa kwa mahindi, maharage na mbuzi wa waumini. Lakini mzee aliyetoka mbali kwa miguu akirudi nyumbani bila kusikia mahubiri, ametoa sadaka yake bure. Ndiyo maana tumeona vema somo la mwezi huu liwe la mitambo. Si la vijana peke yao. Wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama walisome pia.

1. MIKISA YA DIJITALI NI NINI?

Mikisa ni chombo kinachokusanya sauti za maiki na ala zote, kikazipima na kuzipeleka kwenye spika. Mikisa ya zamani ilifanya hivyo kwa umeme tu, na kila kitufe kilikuwa na kazi moja. Mikisa ya dijitali huipima sauti mara nyingi sana, kwa kawaida mara 48,000 kwa kila sekunde, na kuigeuza kuwa tarakimu. Kwa kuwa ni tarakimu, chombo kinaweza kukumbuka mpangilio wote na kuurudisha wiki ijayo. Nyingine huendeshwa kwa kishikwambi, fundi akiwa amekaa katikati ya waumini, asikie wanachosikia wao.

Hata hivyo mikisa haina masikio. Mpangilio mbaya ukihifadhiwa, utarudi vilevile mbaya kila Jumapili.

2. KABLA YA KUWASHA

Kwanza, andikeni orodha kwenye karatasi: njia ya 1 mhubiri, ya 2 kiongozi wa kwaya, ya 3 gitaa la besi, na kuendelea. Andikeni majina hayohayo kwenye mikisa. Asiyekuwapo leo ataweza kufuata kesho.

Pili, umeme. Katika wilaya zetu umeme huweza kukatika au kupungua nguvu. Mikisa ya dijitali ni kompyuta. Ikizimika ghafla huchukua muda kuamka, na yale ambayo hayajahifadhiwa hupotea. Chombo cha kutunza umeme chenye betri, cha kuishikilia mikisa wakati jenereta inawashwa, ni ununuzi wa busara kuliko spika ya nne. Kifunikeni chombo kwa kitambaa baada ya ibada, maana vumbi la kiangazi huingia kila mahali.

Tatu, utaratibu wa kuwasha: mikisa kwanza, amplifaya au spika zenye amplifaya ndani mwisho. Wakati wa kuzima ni kinyume chake: spika kwanza, mikisa mwisho. Asiyefuata hivyo atasikia mshindo, na mshindo huo huweza kuharibu spika.

3. KUPOKEA SAUTI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kila njia ina geini, yaani kipimo cha nguvu ya sauti inapoingia. Ifananisheni na mtungi kisimani: ukijaza kidogo mno utarudi na maji machache, ukijaza kupita kiasi yatamwagika. Mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayotumia kweli siku ya Jumapili, si kuhesabu "moja, mbili" kwa kunong'ona. Ongezeni geini mpaka taa za kipimo zicheze karibu na desibeli 18 chini ya sifuri, na sauti kubwa kabisa zisikaribie sifuri. Katika mikisa ya dijitali sifuri ndiyo dari. Sauti ikigonga dari hukatwa, ikakwaruza, wala hakuna kitufe cha kuitengeneza tena.

Maiki za kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 unaopita katika waya wa maiki. Punguzeni sauti ya njia hiyo kabla ya kuuwasha. Maiki za kawaida za kushika mkononi haziuhitaji.

4. KUSAFISHA SAUTI

Kila sauti ya binadamu ikatwe mngurumo wa chini, takriban hezi 100 kushuka. Huko hakuna maneno; kuna kishindo cha miguu, upepo na ngoma. Waachieni besi na ngoma kubwa nafasi hiyo.

Tena, msiondoe ukali wote wa sauti kwa kudhani kwamba mnailainisha. Konsonanti, ndizo zinazotofautisha neno na neno, hukaa zaidi juu ya hezi 2,000. Katika eneo letu jambo hili lina uzito wa pekee. Kiiraqw kina sauti kali kama zile ziandikwazo tl, ts na sl. Zikifutwa, msikiaji hupata irabu tu. Gitaa na kinanda vikijaza nafasi hiyohiyo, punguzeni kinanda kidogo kuliko kumpandisha mwimbaji.

Hii ndiyo kanuni kuu ya mitambo: mtu asiposikika, tafuteni kwanza nani apunguzwe.

5. SPIKA ZA WAIMBAJI NA MLIO

Waimbaji huhitaji spika zao za kujisikia, ziitwazo monita. Mikisa ya dijitali humpa kila mmoja mchanganyiko wake. Utumwe kabla ya kishikio cha sauti kuu, ili fundi akimpunguza mtu kanisani, mwenyewe asipotewe na sauti yake.

Maiki ikipiga mluzi, sababu ni kwamba inasikia spika, spika inairudishia, na duara linaendelea. Ipeni spika mgongo wa maiki. Msiweke spika kuu nyuma ya waimbaji. Mwimbaji asogee karibu na maiki, wala asiifunike kichwa kwa kiganja. Mkishafanya hayo, ndipo mtafute kwenye ikwalaiza ile sauti inayolia na kuipunguza kidogo.

Kumbukeni pia kwamba kanisa tupu lenye ukuta wa saruji na bati huvuma sana. Watu wakijaa, miili yao hunyonya mvumo. Kwa hiyo mpangilio wa Jumamosi jioni ni mwanzo tu. Mvua kubwa ikipiga bati, msishindane nayo kwa spika; imbeni wimbo ambao watu wanaujua, na mahubiri yangoje.

6. MKUTANO WA NJE

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20. Mkiweka spika za pili mita 17 mbele ya zile za kwanza, sauti ya jukwaani hufika hapo baada ya takriban milisekunde 50. Msipoichelewesha spika ya pili kwa kiasi hicho, walio nyuma watasikia kila neno mara mbili. Mikisa ya dijitali hufanya kazi hiyo kwa kuandika tarakimu moja tu.

7. KIASI

Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu. Hesabuni wenyewe: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa mbili na nusu. Ibada moja ndefu yenye desibeli 92 humaliza fungu la juma zima, na watoto huketi mbele karibu na spika! Sikio likiharibika kwa kelele halirudi. Na jirani asiye wa kanisa letu ni jirani bado.

Tusisahau pia kwamba maporomoko ya Mlima Hanang yalitokea alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Siku kama ile, mtambo wa kanisa si wa nyimbo. Ni wa kutangaza nani anatafutwa na wapi pana chakula na blanketi. Kwa hiyo hifadhini mpangilio mmoja wa maiki moja tu, ambao hata katibu wa parishi aweza kuufungua. Hifadhini mingine ya kwaya, bendi na mazishi, na nakala kwenye flashi. Wafundishwe watu watatu, wa kike na wa kiume, asiwe mmoja mwenye kuificha siri.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kaeni kiti cha mwisho kanisani. Je, mnasikia somo la Injili neno kwa neno?
2. Katika mtaa wenu, ni nani anayekosa kusikia, na ameulizwa na nani?
3. Wanabendi wako tayari kupunguza ala zao ili neno lisikike? Soma tena 1 Wakorintho 14:12.

SALA

Ee Mungu, uliyetupa masikio ya kusikia na ndimi za kukusifu, wape hekima wanaotunza vyombo vya nyumba yako, ili mkubwa na mdogo wasikie neno lako na kulishika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.