Maudhi ya Dawa: Yapi ya Kuvumilia, Yapi ya Kukimbilia Hospitali

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa imejaa maneno ya kutisha. Wapo wanaoisoma wakaacha dozi, na wapo wanaoitupa bila kuisoma. Ukijua haya machache, itakusaidia sana.

1. Tenganisha dalili na maudhi. Dalili huletwa na ugonjwa, maudhi huletwa na dawa. Ukirudi kwa daktari, mweleze kipi kilianza kabla ya kumeza dawa na kipi baada.

2. Orodha ndefu isikuogopeshe. Kwenye karatasi nyingi, "mara nyingi sana" ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10. "Nadra" ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Si kila kilichoandikwa kitakupata.

3. Mabadiliko mengine ya rangi ni ya kawaida. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya mkojo, jasho na hata machozi kuwa ya rangi ya chungwa. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa mjamzito hufanya choo kiwe cheusi.

4. Macho ya njano si ya kungoja kesho. Yakiambatana na mkojo uliokoza, kichefuchefu na uchovu, huenda ini limeathirika. Anayetumia dawa za kifua kikuu awahi kituoni siku hiyohiyo.

5. Mzio una ngazi. Ukiwashwa kidogo, piga simu kwa mfamasia au daktari wako. Midomo au ulimi ukivimba, kifua kikibana, au ngozi ikitoka malengelenge na mdomo vidonda (dawa ya septrini inaweza kuleta haya), usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali sasa hivi.

6. Maudhi mengine yana tiba. Dawa ya presha ikikupa kizunguzungu, inuka taratibu. Kaptopril na enalapril zinaweza kuleta kikohozi kikavu, amlodipini ikavimbisha miguu. Daktari anaweza kukubadilishia. Ganzi ya miguu itokanayo na isoniazidi huzuiwa kwa vitamini B6.

7. Usiache dawa kimyakimya. Ukikatisha dozi ya kifua kikuu, vimelea hujenga usugu na matibabu huwa magumu zaidi. Sema mapema, na umwombe mhudumu ajaze fomu ya maudhi. Nchini Tanzania taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), nchini Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu, na ndizo zinazomlinda mgonjwa mwingine atakayepewa dawa hiyohiyo.